Mtakatifu Antoni wa Misri na mali yake

1. Shamba kando ya mto Nili

Upande wa kaskazini wa Afrika iko nchi ya Misri. Karibu nchi yote ni jangwa: mchanga na mawe, mvua haba, majani hakuna. Lakini katikati yake unapita mto mkubwa, mto Nili. Zamani mto ule ulifurika kila mwaka, ukaeneza matope meusi juu ya mashamba. Maji yalipopungua, watu walipanda ngano na shayiri katika matope yale, wakavuna sana. Kwa hiyo mtu mwenye shamba kubwa karibu na mto alikuwa tajiri kweli. Asiye na shamba alifanya kazi katika mashamba ya wengine.

Mnamo mwaka 251, katika kijiji kiitwacho Koma, alizaliwa mtoto mwanamume, akaitwa Antoni. Wazazi wake walikuwa Wakristu, tena watu wenye mali. Shamba lao lilikuwa kubwa sana, karibu hektari 80, na udongo wake ulikuwa mzuri wenye rutuba.

Antoni alilelewa nyumbani chini ya macho ya baba na mama. Hakupenda kwenda kusoma vitabu pamoja na watoto wengine, lakini masikio yake yalikuwa mazuri. Siku ya Bwana alikwenda kanisani pamoja na wazazi wake. Hakucheza, hakutazama huku na huku. Yaliyosomwa aliyasikiliza, akayaweka moyoni.

Katika nyumba ya tajiri hupatikana vyakula vya namna nyingi. Watoto wengi wa matajiri huvilia: leo wataka hiki, kesho wataka kile. Antoni hakuwasumbua wazazi wake kwa ajili ya chakula. Alikula alichokikuta, akashiba, basi. Hakutafuta zaidi. Jambo hilo laonekana dogo, lakini hata mti mkubwa hutoka katika mbegu ndogo.

2. Neno lililosomwa kanisani

Antoni alipopata miaka 18 au 20, baba yake na mama yake walikufa wote wawili. Alibaki na dada yake mdogo, msichana mchanga bado. Sasa Antoni ndiye mwenye nyumba. Mashamba yalikuwa yake, vyombo vilikuwa vyake, na mzigo wa kumlea mdogo wake ulikuwa juu yake.

Hata miezi sita haijapita, siku moja alikuwa akienda kanisani kama desturi. Njiani aliwaza habari za Mitume, jinsi walivyoacha nyavu zao na mashua zao, wakamfuata Yezu. Tena aliwaza habari za Wakristu wa kwanza, waliouza mali zao na kuleta fedha mbele ya Mitume ili zigawiwe maskini. Aliwaza hivyo, akaingia kanisani.

Saa ile ile ilikuwa ikisomwa Injili ya kijana tajiri. Kijana yule alimwuliza Bwana wetu afanye nini apate uzima wa milele. Yezu alimwambia kwamba, akitaka kuwa mkamilifu, aende akauze alivyo navyo, awape maskini, naye atakuwa na hazina mbinguni. Kisha arudi amfuate. Kijana alisikia, akaondoka kwa huzuni, kwa sababu mali yake ilikuwa nyingi.

Watu wengi waliyasikia masomo yale siku ile. Walitoka, wakaenda nyumbani, wakala. Lakini Antoni aliona kama yamesomwa kwa ajili yake peke yake. Kijana wa Injili alikuwa na mali nyingi, na yeye Antoni alikuwa na mali nyingi. Yule alikwenda zake kwa huzuni. Je, na yeye aende vivyo hivyo?

Antoni alitoka kanisani mara moja. Shamba la baba yake aliwapa watu wa kijiji, ili lisiwe tena sababu ya kumsumbua yeye na dada yake. Vyombo vya nyumbani aliviuza, akapata fedha nyingi, akawagawia maskini. Akaweka akiba kidogo tu kwa ajili ya mdogo wake.

Siku nyingine aliingia tena kanisani, akasikia fundisho la Bwana wetu la kutohangaika kwa ajili ya kesho. Hapo hakuweza kukaa. Alitoka, akawapa maskini hata ile akiba iliyobaki.

Labda mtu atauliza: Na yule msichana je? Mtu aweza kugawa mali yake mwenyewe, lakini mdogo wake ataishije? Ni swali la haki. Antoni hakumtupa dada yake. Alimpeleka kwa mabikira Wakristu aliowajua na kuwaamini, akawaomba wamlee. Yatima mwenye mali hukaribiwa na watu wengi, kama asali inavyokaribiwa na nzi. Wengi wao hawampendi yeye, wapenda vitu vyake. Antoni alimtafutia mdogo wake watu watakaompenda yeye mwenyewe. Miaka mingi baadaye walionana tena. Dada yake alikuwa mzee, amedumu katika ubikira wake, tena yeye mwenyewe alikuwa mkubwa wa mabikira wengine. Mungu alikuwa amemtunza.

3. Kazi ya mikono na vita ya moyoni

Siku zile hapakuwa bado na nyumba nyingi za watawa. Mtu aliyetaka kumtumikia Mungu katika upweke alikaa nje kidogo ya kijiji chake, akasali na kufanya kazi. Antoni alifanya hivyo. Alimjua mzee mmoja katika kijiji jirani aliyeishi namna ile tangu ujana wake. Akamwendea apate kujifunza. Kila aliposikia habari za mtu mwema mahali fulani, alikwenda kumtazama. Kwa huyu alijifunza upole, kwa yule kusali, kwa mwingine uvumilivu, kwa mwingine kukesha. Alifanya kama nyuki, anayetua juu ya maua mengi na kuchukua katika kila ua kitu kilicho kitamu.

Tajiri wa jana sasa alifanya kazi kwa mikono yake. Alijua fundisho la Mtakatifu Paulo kwamba asiyetaka kufanya kazi asile. Alichopata kwa kazi alikigawa: sehemu moja alinunua mkate wake, sehemu nyingine aliwapa maskini. Hivyo aliyekuwa ametoa vyote aliendelea kutoa. Watu wa kijiji walimpenda, wakamwita rafiki wa Mungu. Wazee walimpenda kama mtoto wao, vijana kama ndugu yao.

Lakini shetani hakupenda. Alianza kumjaribu Antoni. Alimjaribu kwa nini kwanza? Kwa mali. Alimkumbusha shamba lililo zuri, na vyombo vya nyumbani. Alimkumbusha dada yake, na jamaa zake. Alimwonyesha utamu wa fedha, na wa sifa za watu, na wa vyakula vya namna namna. Kisha alimwonyesha jinsi mwili ulivyo dhaifu, na jinsi miaka iliyo mbele ilivyo mingi.

Tazameni jambo hilo. Shamba lilikuwa limekwisha kutoka mikononi mwa Antoni, lakini shetani alitaka kulirudisha moyoni mwake. Maana mtu aweza kukosa vitu na bado kuwa mtumwa wa vitu. Maskini naye aweza kuwa na tamaa, akilala usiku na kuhesabu mali ya jirani. Antoni aliijua hatari hiyo. Alisali, alifunga, alilala juu ya mkeka au chini. Alikula mara moja kwa siku baada ya jua kushuka: mkate na chumvi na maji. Wala hakuhesabu siku zilizopita na kujisifu; kila asubuhi alianza upya, kana kwamba ndiyo siku yake ya kwanza.

4. Dhahabu njiani

Antoni alipopata miaka karibu 35, alikata shauri kuvuka mto na kuingia jangwani, aishi huko peke yake. Akashika njia.

Njiani aliona kitu kinang'aa. Ilikuwa sahani kubwa ya fedha imelala chini. Antoni alisimama akafikiri. Njia ile haikupitiwa na watu. Hapakuwa hata na alama za miguu. Tena sahani kubwa namna ile haianguki bila mwenyewe kujua. Angerudi kuitafuta, naye angeikuta, kwa sababu mahali pale palikuwa patupu. Basi akatambua kwamba ni mtego wa shetani, akamkemea. Mara sahani ikatoweka kama moshi.

Akaendelea kwenda. Mbele kidogo akaona tena kitu kinang'aa. Safari hii haikuwa mazigazi. Ilikuwa dhahabu ya kweli, imetupwa njiani. Antoni alishangaa kuiona nyingi vile. Lakini hakuinama kuishika. Aliiruka kama mtu anavyoruka moto, akakimbia mbio bila kugeuka nyuma, mpaka mahali pale pasionekane tena.

Kwa nini alikimbia? Je, dhahabu huuma? Dhahabu haiumi, lakini jicho la mtu huvutwa. Mtu mwenye akili akikutana na chui njiani hasimami kutazama uzuri wa madoa yake. Wengi walioiba hawakutoka nyumbani ili waibe. Walisimama kwanza kutazama, kisha walishika, kisha walitia mfukoni. Wahenga wamesema kweli: tamaa mbele, mauti nyuma.

5. Wanafunzi wa jangwani

Antoni alifika mlimani, akakuta ngome ya zamani iliyoachwa na watu. Akaingia, akaziba mlango, akakaa ndani miaka 20. Mara mbili kwa mwaka rafiki zake walimletea mikate, wakaipitisha juu ya dari. Katika nchi ile walijua kutengeneza mikate mikavu isiyooza upesi.

Watu wengi walitamani kumwona na kuishi kama yeye. Mwisho, mnamo mwaka 305, walikuja wakavunja mlango. Walidhani watamkuta amekonda au amerukwa na akili. Kumbe Antoni alitoka mzima, mwili wake si mnene wala si mwembamba, uso wake umetulia. Alipoona watu wengi hakufadhaika, na waliposhangilia hakujivuna.

Tangu siku ile wengi walimfuata. Vibanda vya watawa vilijengwa milimani na jangwani. Watu wakasali, wakaimba zaburi, wakafanya kazi, wakawasaidia maskini. Antoni alikuwa kama baba yao.

Aliwafundisha hivi: mtu akiacha dunia nzima kwa ajili ya mbingu, asidhani ameacha kitu kikubwa, ni kama mtu anayetoa sarafu moja ya shaba ili apate sarafu mia za dhahabu. Tena, mtu asipoacha mali kwa hiari yake, ataiacha siku ya kufa kwake, na mara nyingi itachukuliwa na watu asiowapenda. Kwa hiyo heri kutafuta vitu ambavyo mtu aweza kuondoka navyo: akili njema, haki, mapendo, wema kwa maskini, imani katika Kristu, na moyo usio na hasira.

Wazee wa jangwa walisimulia pia habari hii. Mtu mmoja alikuja kwa Antoni, akataka kuwa mtawa. Alikuwa ametoa mali yake kwa maskini, lakini alificha kidogo, iwe yake. Antoni alijua. Hakumgombeza. Alimtuma aende kijijini kununua nyama, aifunge juu ya mwili wake uchi, ndipo arudi. Mtu yule alifanya alivyoambiwa. Njiani mbwa walimrukia, na ndege wakamshukia, wakagombania nyama ile, wakamrarua mwili. Alifika amejaa majeraha. Hapo Antoni alimfahamisha kwamba ndivyo wanavyoraruliwa na mashetani wale wanaoiacha dunia na kutaka bado kuwa na fedha.

Akiba ile ya siri ilikuwa kidogo tu. Lakini nyama kidogo yatosha kuwaita mbwa wengi.

6. Mganga wa mjini

Mwaka 311 Wakristu wa Misri waliteswa sana kwa amri ya Kaisari Maksimino. Wengine walifungwa, wengine walipelekwa kufanya kazi ngumu machimboni, wengine waliuawa. Antoni alipopata habari hakukaa jangwani. Alikwenda mpaka mji mkubwa wa Aleksandria pamoja na watawa wengine. Aliwatumikia Wakristu waliokuwa machimboni na gerezani, akawatia moyo walioitwa mbele ya hakimu.

Hakimu aliona ujasiri wao, akaamuru watawa wote watoke mjini. Wengine walijificha. Antoni alifua nguo yake, na kesho yake akasimama mahali pa juu, mbele ya macho ya hakimu. Alitamani kufa kwa ajili ya Kristu. Lakini Mungu alimhifadhi, akarudi jangwani.

Alipata wapi ujasiri huo? Mtu mwenye nyumba kumi aogopa mara kumi. Antoni hakuwa na kitu cha kunyang'anywa ila maisha yake, na maisha yake alikuwa amekwisha kumpa Mungu.

Lakini asidhani mtu kwamba njia ya kumpendeza Mungu ni ile ya jangwani peke yake. Mungu mwenyewe alimfundisha Antoni jambo hilo. Siku moja alimfunulia kwamba mjini yuko mtu aliye sawa naye kwa utakatifu. Mtu huyo hakuwa mtawa. Alikuwa mganga, anayetibu wagonjwa na kupokea mshahara wake. Alichohitaji kwa maisha yake alikitumia. Kilichozidi aliwapa wenye shida. Na kila siku alimwimbia Mungu sifa pamoja na malaika.

Basi, mganga yule alikuwa na fedha, Antoni hakuwa na fedha, na mbele ya Mungu walikuwa sawa. Mganga alijua kusema moyoni kwamba hiki chatosha. Wengi hawajui kusema hivyo. Akiwa na nguo moja ataka mbili, akiwa na mbili ataka kumi, na zile kumi huliwa na nondo sandukuni, huku jirani yake akitetemeka kwa baridi.

7. Bustani jangwani

Watu walizidi kumjia Antoni. Wengine walitaka kuponywa, wengine walitaka kumtazama tu. Antoni aliogopa asije akajivuna, au watu wakamwona kuwa mkubwa kuliko alivyo. Akafuatana na Waarabu wa jangwa waliokuwa wakisafiri, akatembea nao siku tatu mchana na usiku, akafika penye mlima mrefu, si mbali na Bahari ya Shamu. Chini ya mlima ilikuwako chemchemi ya maji safi, matamu, yenye baridi, na mitende michache. Antoni alipapenda mahali pale, akakaa.

Waarabu walimgawia mikate, na ndugu zake watawa walipojua alipo walimletea chakula. Lakini Antoni aliona jinsi walivyochoka kwa safari ile ndefu. Hakutaka kuwa mzigo kwa watu. Aliomba wamletee jembe, shoka na ngano kidogo. Akatafuta kipande cha ardhi karibu na maji, akalima, akapanda. Mwaka ule ule akapata mkate wake mwenyewe, akafurahi kwamba hatamsumbua mtu tena. Baadaye alipanda na mboga, ili wageni wanaofika wamechoka wapate kula. Tena alisuka vikapu, akawapa wageni badala ya vitu walivyomletea.

Alizaliwa na hektari 80. Sasa alikuwa na kishamba kidogo tu. Lakini katika kishamba kile chakula kilitosha yeye na wageni wake. Hata wanyama wa porini walifika kunywa maji, wakaharibu mazao. Antoni alimshika mmoja kwa upole, akawauliza wote kwa nini wanamdhuru yeye asiyewadhuru, akawaamuru kwa jina la Bwana waende zao. Inasimuliwa kwamba hawakurudi tena.

Mahali pale ingali nyumba ya watawa iitwayo kwa jina la Mtakatifu Antoni. Ni moja ya nyumba za watawa zilizo za kale kuliko zote duniani, na hata leo watawa husali humo.

8. Barua ya Kaisari

Sifa za Antoni zilifika hata kwa Kaisari Konstantino. Konstantino alikuwa mtawala wa nchi nyingi: Misri, Italia, Ugiriki na nyingine. Yeye na wanawe walimwandikia Antoni barua, kama watoto wanavyomwandikia baba, wakaomba awajibu.

Mtu mwingine angeionyesha barua ile kwa kila mpita njia. Antoni hakubadilika hata kidogo. Aliwaita watawa, akawaambia wasistaajabu kwamba Kaisari ameandika, kwa maana Kaisari naye ni mtu. Bali wastaajabu kwamba Mungu amewaandikia watu sheria yake, na kusema nao kwa kinywa cha Mwanawe. Kwanza hakutaka hata kuipokea. Lakini watawa walimsihi, kwa sababu watawala wale walikuwa Wakristu, nao wangeweza kuona wamedharauliwa. Basi akakubali isomwe, akajibu.

Alimjibu Kaisari neno gani? Hakumwomba shamba wala fedha wala cheo. Aliwasifu kwa kumwabudu Kristu. Kisha aliwakumbusha wasiyahesabu mambo ya sasa kuwa makubwa, wakumbuke hukumu itakayokuja, wajue kwamba Kristu peke yake ni Mfalme wa kweli na wa milele. Akawaomba wawe na huruma, watunze haki, wawaangalie maskini. Mtu asiyetamani kitu kwa mkubwa aweza kumwambia mkubwa ukweli.

9. Urithi wa Antoni

Miaka ilipita. Antoni aliishi mpaka miaka 105. Macho yake yaliona vizuri, na meno yake hayakung'oka, ila yalipungua kwa uzee. Watawa wawili walikaa naye miaka 15 ya mwisho kumsaidia. Mwaka 356 alijua kwamba saa yake imefika. Aliwaita wale wawili, akawaaga kama mtu anayetoka ugenini kurudi kwao.

Aliwaamuru wamzike ardhini, wala wasimwambie mtu mahali pa kaburi. Maana watu wengine wa Misri walikuwa na desturi ya kuziweka maiti za watakatifu nyumbani mwao, wakidhani wanawaheshimu. Antoni hakutaka kuheshimiwa hivyo.

Kisha akagawa urithi wake. Ngozi moja ya kondoo apewe Askofu Atanasi, pamoja na joho alilolalia. Joho lile Atanasi mwenyewe alimpa likiwa jipya, nalo lilikuwa limechakaa. Ngozi ya pili ya kondoo apewe Askofu Serapioni. Vazi la manyoya wachukue wale watawa wawili. Basi. Urithi wote uligawiwa kwa maneno machache, na hapakuwa na mtu wa kugombana. Antoni alinyosha miguu, akawatazama ndugu zake kwa furaha kama rafiki waliokuja kumlaki, akafa.

Watu wangapi huacha nyumba na mashamba, na kabla kaburi halijakauka watoto wao wamekwisha kupelekana mbele ya hakimu! Antoni aliacha ngozi mbili, joho kuukuu na vazi moja, na waliovipokea walivitunza kama hazina kubwa. Kila aliyekitazama kitu kile aliona kama anamtazama Antoni mwenyewe.

Askofu Atanasi aliandika maisha ya Antoni katika kitabu. Kitabu kile kilivuka bahari. Mwaka 386, katika mji wa Milano, Italia, mtu mmoja alimsimulia Augustino habari za Antoni. Augustino naye alikuwa mwana wa Afrika, mwalimu mwenye elimu nyingi na tamaa nyingi za dunia. Aliposikia kwamba mtu asiyesoma vitabu aliacha vyote akashika mbingu, aliona haya. Mwaka ule ule alimgeukia Mungu kwa moyo wote, na baadaye akawa askofu na mtakatifu. Miaka mingi baadaye, mwaka 1220, padri mmoja wa Ureno alipoingia shirika la Mtakatifu Fransisko alichukua jina la Antoni kwa heshima ya mzee yule wa Misri. Ndiye tunayemwita leo Mtakatifu Antoni wa Padua.

Sikukuu ya Mtakatifu Antoni wa Misri ni tarehe 17 Januari. Si kila mtoto ataitwa jangwani. Wengi watalima, watajenga, watafundisha, watauza dukani, nao watapata mali kwa jasho lao. Hiyo si dhambi. Lakini kila mmoja atakutana na sahani yake ya fedha njiani. Siku hiyo akumbuke kufikiri kama Antoni, na ikibidi akimbie kama Antoni. Na akiwa amekula ameshiba, amevaa, amelala pakavu, amshukuru Mungu, kisha atazame kama yuko jirani ambaye hajala.

Mtakatifu Antoni wa Misri, utuombee.

Maulizo

1. Wazazi wa Antoni walimwachia nini?
2. Antoni alisikia Injili gani kanisani? Alifanya nini alipotoka?
3. Kwa nini aliiruka dhahabu na kukimbia?
4. Mtawa aliyeficha mali kidogo alifundishwa nini na mbwa na ndege?
5. Mganga wa mjini alifanya nini kwa mali yake?
6. Taja vitu alivyoacha Antoni alipokufa.